Tofali za kuchoma, bloku au interloku? Naomba ushauri, najenga Muleba

Kijana wa Muleba
Habari zenu wakuu. Nina kiwanja Muleba, kina mteremko kidogo, udongo ni ule mwekundu wenye changarawe. Nataka niinue vyumba vitatu, sebule na jiko. Fundi wa kwanza ananiambia nichome tofali hapohapo site, wa pili kang'ang'ania bloku za saruji za inchi 6, halafu juzi nimekuta jamaa anajenga na zile interloku, hapaki udongo katikati anapanga tu zinaingiana. Mama ndo kanichanganya kabisa, nyumba yake ya tofali za kuchoma ilipasuka kwenye tetemeko la 2016 na hataki hata kuzisikia. Hela yenyewe nadunduliza. Nichukue ipi?

Fundi Mstaafu
Mpe pole sana mama. Mimi nipo Bukoba, baada ya lile tetemeko la tarehe 10 Septemba nimeshinda miezi kwenye kubomoa na kurekebisha, na nyumba nyingi nilizozigusa tofali zenyewe zilikuwa nzima mkuu, unaigonga inalia kama chuma. Kilichoachia ni tope. Watu walijengea udongo mtupu bila saruji, ukuta unapanda mpaka kwenye bati hakuna mkanda wa zege wa kuuzunguka, na ile pembetatu ya juu chini ya paa ndo ilikuwa inatangulia kudondoka. Kuna nyumba mbili jirani, tofali za tanuru moja, mmoja linta yake, ile zege ya juu ya milango na madirisha, ilizunguka nyumba nzima akabaki na nyufa za plasta tu, mwenzake alilala nje. Kwa hiyo tofali yoyote utakayochagua, piga mkanda wa zege juu ya msingi na mwingine kwenye linta, nondo zipite kona zote zipishane vizuri, usikubali fundi akukatie linta juu ya milango na madirisha tu eti unaokoa hela.

mama J
Naongezea kwenye kuchoma, hesabu na kuni. Sisi tulichoma tukaona rahisi mpaka kuni zilipoisha tanuru halijaiva, zile za pembeni zote zilitoka mbichi, mvua ya kwanza zikayeyuka.

Mchapa Tofali
Kaka kama udongo ni mwekundu wa changarawe kama ulivyosema basi interloku imekukalia, maana hazichomwi, ni udongo na saruji kidogo zinashindiliwa kwenye mashine ya mkono. Ila usiamini macho, pima. Chimba upite ule udongo mweusi wa juu wenye mizizi, chukua wa chini, jaza nusu chupa ya maji ya plastiki, weka maji, tikisa sana, acha mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu. Ukiona mfinyanzi ndo mwingi kuliko mchanga tofali zitapasuka zikikauka, itabidi uchanganye mchanga. Zikishatoka kwenye mashine zifunike na turubai, mwagilia wiki nzima kila siku, hapa ndo wengi wanaharibu. Na kwa huko kwenye tetemeko chukua zenye matundu, unashusha nondo kwenye kona unajaza zege.

Bloku Tu
Mi bado nasimama na bloku, mafundi wake wapo kila kijiji, interloku kozi ya kwanza, ule mstari wa chini, ikikaa upande ukuta wote umepinda na fundi wa kuinyoosha huko utamtoa wapi? Ila fyatua mwenyewe ukiwa umesimama pale. Za kununua barabarani mfuko mmoja wa saruji wanautoa tofali nyingi mno, unaibonyeza kwa kidole inamomonyoka.

Kijana wa Muleba
Asanteni sana wakuu. Nimefanya ya chupa jana jioni, leo asubuhi mchanga na vikokoto vimekaa kama robo tatu, juu utelezi mwekundu. Mama kaishika ile chupa kaigeuza weee, halafu kaniuliza kitu kimoja tu, mkanda utakuwa na nondo ngapi. Fundi Mstaafu nisaidie hapo.

Fundi Mstaafu
Nne za milimita 12, na ringi za kuzifunga pamoja. Mwambie mama nimesema mimi.