Mbwa akimng'ata mtoto njiani, nani alipe?

Mama wa Makorora:
Asalaam aleikum, na wengine habari zenu. Mwanangu wa miaka sita kang'atwa na mbwa begani na shavuni, anatoka chuoni kusoma Qur'ani na wenziwe baada ya magharibi. Geti limefunguliwa gari iingie, mbwa katoka mbio mpaka ng'ambo ya barabara. Kesho yake mwenye mbwa kaja na pole na maziwa ya kopo. Pole nimeipokea. Nikamwambia sasa tuzungumze sindano za kichaa cha mbwa, maana mtoto alichomwa siku ile ile, kapangiwa tena siku ya 3, ya 7 na ya 14, na kila mara napita dirishani kulipa. Kanijibu: "Getini nimeandika Mbwa Mkali, watu wasome." Nawauliza: mwenye mbwa alazimishwe kulipa hapo hapo, mabishano yaje baadaye, au mie nikakope kwanza ndipo nimfukuzie mahakamani?

Mwenye Geti, Raskazone:
Pole sana dada, Mungu amponye mtoto. Ila tusikilizeni na sisi tunaofuga. Wezi ndio wametufikisha huku. Mimi nimeng'olewa pampu ya kisima na nyaya za taa usiku mmoja. Kibao ni tahadhari. Na watoto wa chuo tunawajua, wanapita wanakwaruza mageti kwa vijiti mpaka mnyama anapandwa na hasira. Sisemi wa kwako. Nasema tusimgeuze kila mwenye mbwa kuwa mhalifu.

Mama wa Makorora:
Husemi wa kwangu na umeshamsema! Mwanangu hakugusa geti la mtu, alikuwa upande wa pili wa barabara. Kibao kinamwonya anayeingia ndani. Na mtoto bado yuko alifu kwa ujiti, asome kibao cha nani?

Mgeni wa Kange:
Mimi nimeletwa Tanga na kazi, na sijaona mji usiopenda mbwa kama huu. Mbwa akikatiza tu, mawe. Watoto wanarusha, wazazi wako barazani wanacheka. Kwetu mbwa analala uani na watoto wanamshika masikio. Mbwa aliyelelewa kwa mawe, akimwona mtoto anajua jiwe linakuja. Watu wa pwani jifunzeni kwanza kuishi na mnyama, suala la malipo lifuate.

Bin Ngamiani:
Hapo umetukanyaga, ndugu yangu, na sikuachii. Watu wa pwani ndio nani? Toka hapo mjini nenda Muheza, nenda Handeni, uwaone Wabondei na Wazigua wanavyofuga mbwa kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori na nyani. Waislamu hao, na mbwa wao wana majina. Dini haikumkataza mtu mbwa wa kulinda, wa mifugo wala wa kuwinda. Mate yake ndiyo najisi: akilamba chombo unakiosha mara saba, moja kwa udongo, basi. Kuosha chombo na kurusha jiwe vinakutana wapi?

Mgeni wa Kange:
Dini sikuitaja, umeileta wewe. Nimetaja mawe. Pita Ngamiani jioni yoyote uniambie kama nasema uongo.

Bin Ngamiani:
Ngamiani nimezaliwa, barabara ya 15, huna la kunionesha. Wanaorushiwa mawe ni koko wanaolala sokoni, wasio na mwenyewe. Huyu aliyemng'ata mtoto kafugwa ndani ya ukuta, nyama anakula, jiwe hajawahi kuliona. Hoja yako inasimamaje hapo?

Binti wa Chuda:
Mgeni, lijibu hilo. Na hata wale Watu wa Pangoni wa kwenye Qur'ani walikuwa na mbwa wao, kanyoosha miguu pale mlangoni. Hakuvuka barabara kufuata watoto wa watu.

Mgeni wa Kange:
Najibu. Mbwa anayefungiwa mwaka mzima, hatolewi kutembezwa, hazoeshwi watu, huyo ana hatari kuliko koko. Koko anakukimbia.

Binti wa Chuda:
Basi anayemfungia hivyo ndiye wa kuulizwa. Sasa tulikuwa tunagombania nini toka saa ile?

Kijana wa Baiskeli:
Uingereza walishamaliza haya. Mbwa wote wakubwa marufuku, na mbwa wako akiua mtu unafungwa maisha.

Mzee wa Baraza:
Si hivyo, kijana. Sheria yao ya mwaka 1991 iligusa aina nne: pit bull terrier, Japanese Tosa, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Baadaye wakamwongeza XL Bully, na tangu tarehe 1 Februari 2024, kule England na Wales, kumfuga bila cheti cha kuruhusiwa ni kosa. Mwenye mbwa aliyeachiwa ovyo akaua mtu anaweza kufungwa hadi miaka 14. Tuyaache hayo, ni ya kwao. Hapa kwetu Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani mtu anayezembea kuchukua tahadhari juu ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake. Madai ya fidia ni kesi nyingine, ya peke yake. Na hicho kibao kinamuumiza mwenyewe: kinaonesha alijua mbwa wake ni mkali, na bado geti likafunguliwa bila kumfunga. Mama, PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, umechukua? Majina ya walioona unayo?

Mwenye Geti, Raskazone:
Mzee, neno uzembe ni zito, usilitupe hovyo. Mbwa wangu wamechanjwa, kadi ninazo, za mwaka juzi. Wangapi humu wana mbwa mwenye kadi?

Bwana Mifugo Mstaafu:
Mwaka juzi! Chanjo ya kichaa cha mbwa tunairudia kila mwaka, mzee mwenzangu. Mmezungumza kesi na mawe, hakuna aliyeuliza kidonda kilioshwa vipi. Sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, pale pale, kabla ya safari ya hospitali. Si mafuta ya taa, si pilipili. Mtoto ni mfupi, ndiyo maana mbwa humpata usoni na kichwani, na huko ni karibu na ubongo, ugonjwa hauchukui muda kufika. Dalili zikianza tumeshampoteza. Mama, zile sindano hata moja usiikose. Na huyo mbwa asiuawe wala asisafirishwe shamba, afungwe aangaliwe siku 10. Mimi nimeshika sirinji miaka mingi na kinachoniuma ni kwamba dawa ipo. Pemba, hapo ng'ambo tu, walichanja mbwa kijiji kwa kijiji, ugonjwa ukaisha 2014, ukaingizwa tena 2016, wakauzima tena 2018. Mkifikisha mbwa 70 katika kila 100, kirusi kinakosa pa kwenda.

Bin Ngamiani:
Mgeni, umesikia? Pemba. Watu wa pwani.

Kijana wa Baiskeli:
Pemba ni kisiwa, shikamoo yako mzee. Huku koko wanaingia toka Pongwe na Amboni kila siku. Dawa jiji liwapige risasi, tulale.

Mgeni wa Kange:
Haya ndiyo niliyokuwa nayasema! Kila tatizo la mbwa jibu lake jiwe au risasi.

Bwana Mifugo Mstaafu:
Marahaba. Ukiua utaua na waliochanjwa, na mwezi ujao nafasi yao wamejaza wengine ambao hawajaguswa na sindano. Utakuwa umerudi nyuma.

Mama wa Makorora:
Jamani, aliyemng'ata wangu si koko! Ana jina, ana banda, ana mlinzi wa kumfungulia geti. Kidonda tuliosha kwa sabuni ya kufulia, jirani ndiye aliyeniambia, Mungu amlipe. PF3 ninayo, majina ya watu wawili ninayo. Asubuhi naanza kwa mwenyekiti wa mtaa, nataka mbwa afungwe hizo siku 10 na malipo yaandikwe mbele ya mashahidi. Nawe Mwenye Geti, kachanje wako kwanza ndipo uniambie habari za vijiti.

Mwenye Geti, Raskazone:
Jumamosi nawapeleka wote wawili. Ila habari ya vijiti bado naisimamia. Walimu wa chuo nao wawaseme watoto.