Ushauri: Ninunue duka la pombe Colorado wakati supamaketi zinauza mvinyo?

Mpambanaji_Aurora: Wakuu, habari za majukumu. Niko Aurora, Colorado. Kuna mzee anastaafu na anauza duka lake la pombe, bei nzuri mpaka inatia shaka. Kama mnavyojua, Pendekezo namba 125 la kura ya wananchi lilipita kwa tofauti ndogo ya kura Novemba 2022, na tangu Machi 1, 2023 supamaketi zenye leseni ya bia zinauza na mvinyo. Duka hili linatazamana na supamaketi kubwa. Mzee anasema wateja wake hawamkimbii, na amenionyesha vitabu vya 2021 na 2022. Mke wangu hataki hata kusikia, ila sababu zake ni za kanisani, hizo tutamalizana nyumbani. Nisaidieni upande wa biashara.

Baharia_Denver: Mkuu, hivyo ni vitabu vya enzi za neema. 2021 watu walikuwa bado wanakunywea majumbani kwa sababu ya korona. Mwambie alete kuanzia 2023, mwezi kwa mwezi, mvinyo kivyake, bia kivyake, pombe kali kivyake, ulinganishe na kodi ya mauzo aliyolipa. Mimi niko dukani kwa shemeji. Mvinyo wa bei ya chini, ule mtu anautupia kwenye toroli pamoja na nyama na mkate, umetuhama kabisa. Tumepunguza rafu zake tukajaza tekila, na vile vichupa vya mililita 50 viko pale pale kaunta. Ndivyo vinavyolipa kodi ya pango.

Wa_Seattle: Huku jimbo la Washington wananchi walipiga kura 2011, na Juni 2012 serikali ikaachana na maduka yake ya pombe. Haki za kuyaendesha zilipigwa mnada. Waliozinunua wengi wao walifunga, maana supamaketi ziliruhusiwa hadi pombe kali. Kwenu hilo likitokea, umeumia.

Baharia_Denver: Kwetu wamelibana. 2025 jimbo lilizuia leseni mpya za pombe kwa maduka yenye famasi, na huo ndio mlango ambao supamaketi zilikuwa zinapitia kuuza pombe kali. Zenye leseni tayari zinaendelea. Kwa hiyo mleta mada, vuka barabara ukaangalie kama hao jirani wana wiski. Jibu la nusu ya swali lako liko huko.

Wa_Kasarani: Nyinyi pombe mnaipeleka karibu na sukuma wiki, sisi Kenya sera ya 2025 inapendekeza iondolewe supamaketi na umri wa kunywa upande kutoka 18 hadi 21. Bado ni sera tu, lakini wenye maduka ya pombe (wines and spirits) mtaani wanachekelea.

Bibi_Harusi: Msikilize mkeo.

Mpambanaji_Aurora: 😂 Nimevuka. Bia na mvinyo tele, wiski hakuna. Mzee naye anasema vitabu vya 2023 anavyo mhasibu, na mhasibu yuko likizo. Anataka malipo ya awali wiki hii.

Baharia_Denver: Mhasibu wa hivyo huwa harudi likizo. Usitoe hata senti kabla ya vitabu. Vikija, mkataba useme pesa zikae kwa wakili mpaka jiji na jimbo wakubali kuhamisha leseni kwa jina lako. Na kamuulize mwenye jengo pango limebakiza miaka mingapi.