TRV na PDS: miche inabaki kijani, kasoro iko wapi?

mche_makulu
Wakuu, habari. Nanyamazisha (nazima) jeni ya PDS, ambayo ikizimika jani hugeuka jeupe, kwenye Nicotiana benthamiana (jamaa wa tumbaku) kwa kutumia TRV, kirusi cha mimea kilichopachikwa kipande cha jeni hiyo, banda la kivuli, Dodoma mjini. Kipande cha PDS kina bp (jozi za besi) 400, Agrobacterium (bakteria wa kuingiza kirusi kwenye jani) ni aina ya GV3101, OD600 (kipimo cha wingi wa bakteria) ni 1.0, miche ina majani manne na naingiza kwenye mawili ya chini. Wiki mbili sasa: majani yaliyoingizwa ni kijani tupu, ya juu yana madoa meupe machache, tena kwa baadhi ya miche tu. Mchana banda linafika nyuzijoto 32. Na kwa nini majani ya juu ndiyo yageuke meupe wakati kirusi kimeingilia chini?

nyuzi_mbili
Nianze na hilo la mwisho. TRV ni kirusi cha RNA. Kikijizalisha ndani ya seli hutokea RNA ya nyuzi mbili, na mmea huihesabu kuwa ni uvamizi. Vimeng'enya vya jamii ya Dicer huikatakata: DCL4 hutoa vipande vya nyukleotidi 21, DCL2 vya 22. Kimeng'enya HEN1 huweka methili kwenye ncha ili visiharibiwe. Kisha protini ya AGO1 hushika uzi mmoja, hutupa mwenzake, na kuutumia kama kielekezi cha kusakia RNA inayoendana nao. Ikiipata, huikata mkabala na nyukleotidi ya 10 na 11 za kielekezi. Umepachika PDS ndani ya TRV2 (moja ya RNA mbili za kirusi, nyingine ni TRV1), kwa hiyo baadhi ya vielekezi ni vya PDS, na mRNA (nakala ya jeni) ya mmea wenyewe hukatwa pamoja na RNA ya kirusi. Kimeng'enya RDR6 nacho hunakili mabaki kuwa nyuzi mbili tena, na mzunguko unaendelea.

Sasa rangi. PDS inahitajika kutengeneza karotenoidi, na hizo ndizo huikinga klorofili isiunguzwe na mwanga. Jani lililokomaa lina akiba yake tayari, kwa hiyo hata mRNA ikikatwa leo halibadiliki. Jani changa linakua bila kinga hiyo, linatoka jeupe. Kirusi hupanda kwa njia ya floemu (mirija ya chakula), na weupe huanza kuonekana juu kati ya siku 10 na 14. Jani la chini kubaki kijani si kasoro.

bomba_ml1
Nyuzi 32 ndiyo mchawi wako. Agrobacterium hukua vizuri kwenye 28, lakini kazi ya kupitisha T-DNA (DNA anayoiingiza kwenye mmea) huenda vizuri karibu na 20. Ukipita 28 mtambo wake wa kupitishia haujengeki sawasawa. Hapo hata TRV hakijaanza, nacho joto kali hukipunguza. Hamishia miche chumba cha nyuzi 20 hadi 22, mwanga saa 16 kwa siku, tangu siku ya kuingiza hadi weupe utokee. Oktoba na Novemba usijaribu banda la wazi Dodoma.

Ila usikimbilie baridi kupita kiasi. Karibu na nyuzi 15 mmea karibu unaacha kutengeneza siRNA (vile vipande vya nyukleotidi 21 na 22), kirusi kinatamba bila kunyamazisha kitu. Usiku wa Juni na Julai banda hushuka huko.

Bafa: MgCl2 10 mM, MES 10 mM yenye pH 5.6, asetosiringoni (kiamsho cha bakteria) 200 µM iliyoongezwa siku hiyohiyo. Acha saa 3 kwenye joto la chumba, kisha changanya TRV1 na TRV2 nusu kwa nusu. TRV1 ndiyo yenye kimeng'enya cha kunakili. Ikiwa dhaifu, TRV2 haifiki popote. Mwagilia miche mapema, stomata zikifunga, mchanganyiko hauingii hata ukandamize vipi.

kidhibiti
Msilitwishe joto lawama zote. Angalia vidukari bandani: wakileta CMV (kirusi kingine cha mimea), protini yake ya 2b huzuia unyamazishaji, na mche utakaa kijani hata kwenye nyuzi 21.

Kidhibiti (miche ya kulinganishia) kisiwe TRV2 tupu. N. benthamiana hudumaa nayo vibaya, utalinganisha na mmea mgonjwa. Weka kipande cha GFP (jeni ambayo mmea huo hauna) cha urefu uleule.

Ukipima kwa qPCR (kipimo cha kiasi cha RNA), praima (kipande kifupi cha kuanzishia nakala) moja angalau ikae nje ya kile kipande cha bp 400. Zote zikiwa ndani utakuwa unahesabu RNA ya kirusi, na PDS itaonekana imepanda badala ya kushuka. Hili linaharibu matokeo mengi kuliko joto. Pia toa RNA kwenye jani la juu, tengeneza cDNA (nakala yake ya DNA), kisha fanya PCR kwa praima za TRV2 zinazozunguka kipande: bendi ikiwa fupi, kirusi kimekwisha kukitupa.

mche_makulu
Shukrani sana. Praima zangu zote mbili ziko ndani, nitaagiza nyingine. Mtama je, itakubali?

bomba_ml1
TRV kwa mtama achana nayo. Kwenye nafaka hutumika virusi vingine: BMV, na BSMV imezoeleka zaidi kwa shayiri na ngano. BMV hutupa vipande virefu upesi, baki kwenye bp 200 hivi, na hakikisha hakuna nyukleotidi 21 mfululizo zinazofanana na jeni nyingine ya mtama.