Mheshimiwa wa mabeseni kanikabidhi chupa tupu nikatupe. MSIBANI!

Mkaa Barazani:
Wakuu, hata kanzu sijavua. Nimeingia ndani nimekalia ndoo, naandika mikono inatetemeka.

Mnamjua, simtaji. Yule mbunge wetu aliyeanza na kibanda cha vyombo vya plastiki Kariakoo, leo V8 lake likipita mabati yanacheza. Ile kampeni kila nyumba ilipata beseni lenye sura yake chini kabisa, ukimwaga maji ya dagaa anakuchekea. Bibi yangu mpaka leo anafulia nepi kwenye paji la uso la mheshimiwa.

Na mabango yake nilibandika mimi. Saa tisa usiku, gundi ya unga wa ngano, mbwa wananitoa mbio. Malipo: fulana. Moja. Saizi ya mtoto.

Leo tuna msiba wa mzee wetu hapa mtaani. Tuko kwenye jamvi, gari hilo, watu wakasimama kama umepigwa wimbo wa taifa. Nikasema ngoja nimpe mkono, nimkumbushe na mtaro, maana mvua ya juzi godoro langu lilielea mpaka kwa jirani likapiga hodi. Nimenyoosha mkono hivi. Macho yako kwenye simu, hata kuniangalia hakuniangalia, akaniwekea chupa ya maji kiganjani. Tupu. "Katupe, kijana."

Kijana! Nina miaka 46 na mjukuu!

Na mimi, wakuu, nikaenda kutupa. Hapo ndipo panaponiua. NILIKWENDA KUTUPA. Mguu kwa mguu mpaka jalalani na kanzu yangu ya pasi. Nimerudi, akanipa na kizibo.

Mfuko wa Jimbo, hela za maendeleo ya jimbo, upo kisheria tangu 2009, mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge mwenyewe, mtaro wetu wanachimba panya. Lakini tuachane na mtaro. Chupa, jamani. Chupa!

Shangazi wa Feri:
Pole baba. Kizibo kimenimaliza.

Tangawizi Nyingi:
Chai hii. Weka picha ya chupa.

Mkaa Barazani:
Si nimeitupa! Unasoma au unapepesa macho?

Beseni Zima:
Mleta uzi, wewe ni chawa uliyepukutwa kwenye nguo, sasa unalalamika baridi. Angekuita jina mbele za watu ungeshaleta uzi wa kumsifu.

Wakili wa Kijiweni:
Ibara ya 67 ya Katiba inataka mgombea ubunge awe raia, ametimiza miaka 21, anajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe wa chama. Kusalimia hakumo. Mheshimiwa yuko ndani ya sheria.

Mkaa Barazani:
Na kizibo kiko ibara ya ngapi?

Babu wa Upanga:
Mnalia nini? Azimio la Arusha, 1967, kiongozi hana hisa, hana mishahara miwili, hana nyumba ya kupangisha. Zanzibar 1991 chama kikalegeza masharti hayo, wenye maduka wakaingia na kaunta zao. Anakuona mteja aliyeshalipa.

Beseni Zima:
Babu, enzi hizo sabuni ilikuwa ya foleni. Tulia.

Wakili wa Kijiweni:
Takrima nayo, zile zawadi za mgombea kwa wapiga kura, Mahakama Kuu iliifuta 2006. Hayo mabeseni mlipokeaje?

Shangazi wa Feri:
Kwa mikono miwili.

Kinyozi Mpole:
Jirani zetu Kenya wana Seneti tangu 2013, maseneta 47 wa kuchaguliwa, mmoja kila kaunti. Na sisi tungekuwa nayo, huyu angekuwa keshapanda huko, jimbo lipumue.

Tangawizi Nyingi:
Akiwa seneta atagawa ndoo zenye mfuniko.

Mama Ubwabwa:
Afadhali yenu mlipata. Mimi la kwangu aliazima jirani kwa ajili ya maulidi, mwaka wa pili huu. Juzi nimeliona uani kwake anakogeshea bata! Nimemuuliza, anasema bata wameshalizoea.

Shangazi wa Feri:
Heri bata. Wangu kageuza dishi la kuku, na bado anakuja kuomba chumvi.

Kinyozi Mpole:
Hivi huo msiba pilau lilikuwa na nyama? Wa wiki jana kwetu nimepekua sahani nzima nimekutana na mdalasini.

Mama Ubwabwa:
Nyama wanakula kamati, wewe mgeni?

Mkaa Barazani:
Jamani turudi kwenye chupa.

Beseni Zima:
Chupa gani?

Fundi Plastiki:
Wadau, nina mabeseni mapya, mazito, hayana sura ya mtu. Nicheki pembeni.

Mama Ubwabwa:
Bei?

Mkaa Barazani:
Na makubwa yapo?