Mrejesho: Hedifoni za kuacha masikio wazi, nimechukua za mfupa

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza nichukue hedifoni gani zisizoziba masikio, za kukimbilia na za kushinda nazo, maana nakimbia barabarani asubuhi na bodaboda zinakupitia pembeni kabisa. Mligawanyika, wengine za mfupa (zile zinazopitisha sauti kwa kutetemesha mfupa wa shavu), wengine zile za kuning'inia sikioni zenye vispika.

Nimechukua za mfupa, Shokz OpenRun. Zina gramu 26 tu, ule mkono unazunguka nyuma ya shingo na vile vipande vinakaa mbele ya sikio kwenye mfupa wa shavu, tunduni hakuingii kitu kwa hiyo hata jasho likimwagika hazichomoki na masikio hayawashi kama na zile za mpira za kuingiza tunduni. Honi nazisikia vizuri kabisa. Ni IP67 (kiwango cha kuzuia vumbi na maji) so mvua siogopi, ila kuogelea nazo hapana. Chaji masaa 8, na ukiwa na haraka dakika 10 zinakupa kama saa na nusu.

Besi sasa, ni ndogo jamani, na ukipandisha sauti sana zinatekenya shavuni. Kwenye daladala yenye mziki hata podikasti huelewi, hapo za kuziba bado zinahitajika. Wenye miwani jaribuni kwanza dukani. Za vispika kwa mziki ni tamu zaidi, nilijaribu za mshkaji, ila kofia ikizigusa zinahama.

Kazini sizivui, mtu akiniita namjibu hapo hapo. Mkuu uliyenishauri za mfupa, asante sana.