Naomba ushauri: mbwa wetu amekufa, mtoto hali chakula vizuri

Wakuu, naombeni ushauri. Simba wetu, hata mwaka alikuwa hajatimiza, amekufa kwa parvo, ule ugonjwa wa virusi wa mbwa. Alihara damu na kutapika, daktari wa mifugo akamtundikia dripu, lakini wapi. Tumemzika chini ya mwembe.

Mwanangu wa miaka saba chakula anakigusa tu. Jioni anakaa mlangoni pa banda na lile bakuli la bati. Majirani wanasema namdekeza, mbwa ni mbwa tu. Sikubaliani nao, yule alikuwa mwenzake.

Baba yake anataka kuleta mwingine upesi, ila virusi vya parvo hukaa udongoni miezi mingi, na jiki hufaa sakafuni, si kwenye udongo. Waliopitia haya, mlimfarijije mtoto? Na mlisubiri muda gani?