Malcolm X: lawama kwa waliofyatua risasi au kwa serikali?

Wakuu habari zenu. Jana kijiweni tumebishana mpaka saa nne usiku, mmoja anasema FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, ndo walimuua Malcolm X, yule mtetezi wa haki za weusi Marekani, mwingine anasema ni Nation of Islam, kundi la Waislamu weusi alilokuwamo zamani, basi nikaona niulete huku.

Mi naona wote wanalikwepa swali. Tarehe 21 Februari 1965 pale Audubon Ballroom, New York, mmoja wa wauaji alidakwa palepale, Talmadge Hayer, watu walishaanza kumshushia kipigo. Kesi 1966 huyohuyo akakiri, akasema hawa wawili mliowashika pamoja na mimi hawahusiki. Hakuna aliyemsikiliza, wote watatu maisha jela. Miaka ya 70 akala kiapo kwa maandishi akataja wenzake wengine wanne wa upande wa Newark, napo wapi! Hao wawili, Muhammad Aziz katoka 1985, Khalil Islam 1987, na huyu Khalil kafa 2009 bado anaitwa muuaji. Wamesafishwa Novemba 2021, ndo ikajulikana FBI na polisi wa New York walikuwa na nyaraka za kuwasaidia hao jamaa wakazikalia kimya miaka yote hiyo. 2022 zikatoka dola milioni 36 za fidia. Sasa hilo nalo tuite kosa la bahati mbaya?

— Mkuu nakuelewa ila usiwape hao wa Nation upenyo. Gazeti lao lenyewe Desemba 1964 liliandika kwamba mtu kama Malcolm anastahili kifo. Tarehe 14 Februari nyumba yake ikapigwa moto usiku watoto wamelala. FBI hawakushika bunduki, tusiwe watu wa kila kitu kusingizia wazungu.

— Mi naongezea tu, huyu mtu hakuwa wa mbali na sisi. Oktoba 1964 alikuwa Dar, akaonana na Nyerere. Desemba hiyohiyo Babu wetu, Abdulrahman Babu, yule mwanamapinduzi wa Zanzibar, akapanda jukwaa la Audubon, ukumbi uleule, mwaliko wa Malcolm. Haya endeleeni.

— Mleta mada hapa. Wala sijasema FBI walishika bunduki, soma tena taratibu. Nasema hivi, kwenye walinzi wa Malcolm kulikuwa na polisi wa siri, Gene Roberts, ndo huyo aliyeinama kumpulizia pumzi baada ya risasi. Mwenyewe alikuja kueleza kwamba siku chache kabla aliona vurugu ukumbini humohumo akahisi ni mazoezi ya mauaji, akaripoti kwa mabosi wake. Jumapili ilipofika, mle ndani askari wa sare unawahesabu kwa vidole. Nijibuni hapo kwanza, ya Nation tutayarudia.